Rescue Bots, Robocar Poli au Super Wings: roboti ipi imfae mtoto wa miaka 3 hadi 7

Mzazi anayeingia duka la midoli kutafuta roboti inayogeuka gari hukuta rafu ambayo, kwa jicho la haraka, vitu vyake vyote vinafanana: rangi nyekundu, bluu na njano, boksi lenye dirisha la plastiki, na picha ya roboti aliyesimama kishujaa. Tofauti hazionekani kwenye picha. Zinaonekana nyumbani, mtoto anapokaa mkekani na kuanza kuikunja, na hasa anapotaka kuirudisha ilivyokuwa. Kuna roboti ambazo mtoto wa miaka 4 atazigeuza mara 20 kabla ya chakula cha jioni bila kumwita mtu. Kuna nyingine zitakazomleta kwako kila baada ya dakika 5, na kufikia siku ya tatu zitakuwa zimebaki gari tu, au roboti tu, kwa sababu hakuna mtu mzima mwenye nafasi ya kuzigeuza kutwa nzima.

Kwa hiyo ulinganisho huu naupima kwa mkono wa mtoto kabla ya kuangalia umaarufu wa katuni. Nimechukua familia tatu zilizotengenezwa mahsusi kwa wadogo: Rescue Bots, tawi la Transformers la kampuni ya Hasbro ya Marekani, Robocar Poli ya Korea Kusini, na Super Wings, ambayo ilibuniwa Korea Kusini na midoli yake hutengenezwa na kampuni ya Alpha ya mkoa wa Guangdong, China. Transformers za kawaida, yaani zile za watoto wakubwa, nitazitaja mahali pake, kwa sababu ndizo ambazo ndugu na marafiki wenye nia njema humletea mtoto wa miaka 4, kisha zikaishia juu ya kabati.

Wahusika na hadithi zao

Transformers zilianza kuuzwa mwaka 1984, pale Hasbro ilipochukua midoli ya kampuni ya Takara ya Japani, iliyokuwa ikiitwa Diaclone na Micro Change, ikaipa majina mapya na hadithi ya vita kati ya makundi mawili ya roboti. Vita hivyo ndivyo vilivyoibeba biashara hiyo kwa miaka mingi, na ndivyo vinavyowafanya wazazi wengi wasite. Rescue Bots ilitoka mwaka 2011 chini ya jina la Playskool Heroes, na ikaviweka vita pembeni. Roboti wanne, walioamka kutoka usingizi mrefu ndani ya chombo chao, wanaagizwa na Optimus Prime, kiongozi wa roboti wema, wakae kwenye kisiwa kiitwacho Griffin Rock, pwani ya jimbo la Maine, wajifunze kuishi na binadamu na kuwaokoa wanapopata ajali. Heatwave ni gari la zimamoto, Chase ni gari la polisi, Boulder ni tingatinga, na Blades ni helikopta, tena helikopta anayeogopa kwenda juu. Jambo hilo la Blades watoto hulipenda sana, kwa kuwa nao wana hofu zao na wanafurahi kumwona shujaa akiwa na yake. Katuni hiyo ilirushwa kuanzia 2012 hadi 2016, vipindi 104 kwa jumla, kisha ikafuatiwa na Rescue Bots Academy iliyoishia mwaka 2021, ambamo kuna wanafunzi wapya kama Hot Shot, Medix, na Whirl, ambaye ni wa kike.

Robocar Poli ilibuniwa na kampuni ya Roi Visual na kuanza kuonyeshwa kwenye televisheni ya EBS ya Korea Kusini mwaka 2011. Mji wake unaitwa Brooms Town, na kikosi chake cha uokoaji kina wahusika wakuu wanne: Poli ambaye ni gari la polisi, Roy wa zimamoto, Amber ambaye ni gari la wagonjwa na ndiye wa kike, na Helly ambaye ni helikopta. Anayewaongoza na kuwatengeneza ni msichana aitwaye Jin. Kwa ushirikiano na kampuni ya magari ya Hyundai, ulitengenezwa pia mfululizo wa vipindi vya kuwafundisha watoto usalama barabarani. Kwa mzazi ambaye mtoto wake anavuka barabara kwenda shule, hilo ni jambo la kuzingatia.

Super Wings ilianza mwaka 2014, nayo ilikuwa kazi ya kampuni ya FunnyFlux. Mhusika mkuu ni Jett, ndege nyekundu inayopeleka vifurushi kwa watoto duniani kote. Katika kila safari anafika nchi nyingine, anakuta tatizo, na anaita mwenzake aje kusaidia: Dizzy, helikopta ya waridi ya uokoaji, au Donnie fundi, au Paul polisi, au Bello mwenye milia kama pundamilia, ambaye ndiye mjuzi wa wanyama.

Hadithi zote tatu, basi, ni za kusaidia watu, na hakuna inayomfundisha mtoto kupiga risasi. Katika hilo sioni sababu ya kuchagua moja na kuacha nyingine. Ipo tofauti ndogo ya umbo, ambayo wauzaji hawaisemi na mimi naiona kubwa. Magari ya Poli na ndege za Super Wings zina macho kwenye kioo cha mbele hata kabla hazijageuka, wakati magari ya Rescue Bots hayana uso kabisa: Heatwave akiwa gari ni gari la zimamoto kama lile linalopita barabarani, na uso wake unajitokeza tu anaposimama kuwa roboti. Kwa mtoto wa miaka 3 ambaye bado hawezi kugeuza kitu, Poli ni rafiki tayari akiwa gari, anamsalimia, anamlaza, anamlisha. Kwa mtoto wa miaka 5, uso uliofichwa ndio utamu wenyewe, kwa sababu anajua jambo ambalo anayeliona gari lile kwa mara ya kwanza halijui.

Mkono wa mtoto unavyosema

Mpwa wangu alikuwa na miaka 4 na miezi michache nilipomwekea mkekani roboti tatu: Heatwave wa sentimita 11 hivi, Roy wa sentimita 10, na Jett wa sentimita 12 na ushei. Sikumwonyesha chochote, na nilimwomba dada yangu naye asiseme neno.

Heatwave alimshika kama gari, akamsukuma kidogo, kisha akaanza kuvuta kila kilichovutika. Roboti za kawaida za Rescue Bots zina vipande vikubwa vichache, na bawaba zake ni nene, kiasi kwamba mtoto akivuta upande usio sahihi hakuna kinachotokea, na akivuta upande ulio sahihi kipande kikubwa cha mwili kinaondoka kwa pamoja na kutoa mlio wa kukamata. Baada ya kujaribu mara mbili au tatu alikuwa anamgeuza huku anaangalia pembeni akiongea na mama yake. Hapo ndipo nilipojua kwamba kichezeo kile kimekuwa chake.

Kwa Roy alifanikiwa kutoka gari kuwa roboti, kwa kuwa kutoa mikono na miguu ni kazi ya kuvuta tu. Kurudi ndiko kulikomshinda. Alifunga miguu kwanza, akabana mwili, kisha akaja kwangu na gari lililotokeza kiwiko ubavuni. “Mjomba, mkono umekataa.” Mkono haukuwa na tatizo lolote, ila ulitakiwa kuingia kabla ya mwili kufungwa, na mtoto wa umri ule bado hajazoea kushika kichwani mpangilio wa hatua na kuurudia kinyumenyume. Nilimwonyesha mara moja, akafanya. Kesho yake alikuwa amesahau, nikamwonyesha tena, na baada ya siku kadhaa akawa mjuzi. Siuhesabu ugumu huo kuwa kasoro, maana ugumu wa kadiri hiyo humpa mtoto kitu cha kujifunza, ilimradi awepo mtu wa kumwonyesha katika siku za mwanzo.

Jett alikuwa hadithi nyingine. Mtengenezaji mwenyewe anasema ndege hii ya ukubwa wa kati hugeuka kwa hatua 10, na hatua 10 kwa mtoto wa miaka 4 ni nyingi. Alitoa miguu, akaacha mabawa yalivyo, akainuka na kuirusha sebuleni ikiwa nusu ndege na nusu mtu, akisema inatembea angani. Alifurahi kwa namna yake, na sikuona haja ya kumsahihisha. Ila dada yake wa miaka 6 alipoichukua jioni, aliketi nayo kimya, akafuata karatasi ya maelekezo picha kwa picha, akaimaliza, akaikunja upya na kuirudia tena. Hatua zile 10 zilizokuwa mzigo kwa mdogo ndizo zilizokuwa raha kwa mkubwa.

Watoto wawili wa nyumba moja hawawezi kuwa kipimo cha watoto wote, lakini jambo waliloonyesha linaeleweka kwa yeyote aliyewahi kumfundisha mtoto kufunga vifungo vya shati. Idadi ya hatua ni sehemu ya ugumu, na sehemu nyingine ni kama hatua hizo zina mpangilio wa lazima. Ukiwa dukani na boksi lina dirisha, tazama mikono ya roboti: ikiwa inajificha ndani ya mwili, tarajia mpangilio wa lazima, ikiwa inalala tu ubavuni, mtoto ataimudu mwenyewe.

Hapa ndipo Transformers za wakubwa zinapoingia. Zile za safu ya Studio Series, iliyoanza mwaka 2018, zimeandikwa kuwa ni za miaka 8 na kuendelea, na maandishi hayo si ya kupamba boksi. Roboti ya daraja la ukubwa liitwalo Deluxe ina urefu wa sentimita 11 hivi tu, yaani inalingana na Heatwave kwa kimo, lakini ina viungo vingi vyembamba, vipande vinavyochomoka, na hatua nyingi ambazo hata mtu mzima huhitaji karatasi ya maelekezo mara ya kwanza. Sura yake ni nzuri mno, na ndiyo maana hununuliwa. Mtoto wa miaka 4 akipewa hiyo atavunja bega la roboti kabla ya wiki kwisha, kisha agombezwe kwa kosa ambalo si lake. Kama unachotaka ni Optimus Prime au Bumblebee kwa mtoto mdogo, wote wawili wamo katika Rescue Bots kwa umbo la kitoto, na mtoto akikua anaweza kuhamia zile za wakubwa akiwa na wahusika walewale.

Si kila chenye jina hilo hugeuka

Huu ni mtego ambao nimeuona ukiwanasa watu makini kabisa. Robocar Poli ina magari madogo ya chuma, mazuri na imara, ambayo hayageuki kamwe. Pia katika katuni yenyewe wanaogeuka ni wale wa kikosi cha uokoaji tu. Wakazi wengine wa Brooms Town, kama teksi, basi la shule na magari ya mizigo, ni magari mwanzo hadi mwisho. Mtu akinunua bila kujua, mtoto atakaa akitafuta mikono ya gari lisilo na mikono. Super Wings nayo inauzwa kwa ukubwa tofauti: zipo za sentimita 5 hivi, ambazo hukunjika kwa hatua chache sana, zipo za sentimita 12 nilizozieleza, na zipo ambazo ni ndege tu za kusukuma. Katika Rescue Bots tatizo hili ni dogo, ingawa kuna sanamu za watu, kama wale wa familia ya Burns, ambazo ni wenzi wa roboti na zenyewe hazibadiliki.

Dawa yake ni kutazama boksi kama lina picha mbili za kitu kilekile, moja ya gari na moja ya roboti. Boksi lenye picha moja tu lina kichezeo cha umbo moja. Kwa anayenunua mtandaoni, mwombe muuzaji akutumie picha ya kitu halisi katika maumbo yote mawili, na urefu wake kwa sentimita, kwa kuwa picha ya sentimita 5 na ya sentimita 12 kwenye simu zinalingana.

Vituo, minara na matela

Seti kubwa za kuchezea ndizo zinazowavutia watoto dukani na kuwaumiza wazazi mfukoni. Rescue Bots ina kituo cha zimamoto cha Griffin Rock, na baadaye kilitoka Optimus Prime mwenye tela linalofunguka kuwa kituo cha kuongozea uokoaji. Poli ina makao makuu ya kikosi, na Super Wings ina kiwanja cha ndege chenye mnara.

Katika kundi hili Rescue Bots naiweka mbele, kwa sababu moja: tela la Optimus ni sehemu ya roboti mwenyewe, halihitaji meza nzima, na mtoto akimaliza anakunja kila kitu na kulisukuma mpaka kona ya chumba. Makao makuu ya Poli na kiwanja cha Super Wings ni vitu vya kukaa mahali pamoja, na nyumba nyingi za kwetu hazina mahali hapo. Kuna tatizo jingine la vipimo. Baadhi ya seti za Poli zimepimwa kwa yale magari madogo ya chuma, na baadhi ya seti za Super Wings zimepimwa kwa ndege za sentimita 5, kwa hiyo roboti mkubwa uliyekwisha kumnunua anaweza asipite mlangoni mwa kituo chake mwenyewe. Mtoto analiona hilo kwa uchungu ambao hakuna maelezo yanayoutuliza. Kabla ya kulipa, soma kwenye boksi seti hiyo inapokea ukubwa gani, au nenda na roboti mwenyewe dukani.

Kwa maoni yangu seti inunuliwe mwisho, baada ya roboti wawili au watatu kuzoeleka, na pengine isinunuliwe kabisa. Mpwa wangu amechezea kwa miezi kituo cha zimamoto kilichotengenezwa kwa boksi la viatu, mlango ukikatwa kwa kisu na kuachwa ukining'inia upande mmoja, na ngazi ya vijiti vya mishikaki vilivyokatwa ncha na kufungwa kwa uzi. Heatwave anaingia akiwa gari, mlango unafungwa, na anatoka akiwa roboti. Mchezo wote uko katika kule kugeuka gizani ndani ya boksi, na mkono wa mtoto unaingia kupitia nyuma kumgeuza bila kuona. Hiyo ni kazi ambayo Roy aliiweza baadaye sana na Jett hajaiweza hadi leo.

Usalama, bandia na mitumba

Zote tatu zimeandikwa kuwa ni za miaka 3 na kuendelea, na alama ya duara jekundu lililokatwa mstari juu ya uso wa mtoto, yenye tarakimu 0 na 3, ina maana ya hatari ya kukabwa na vipande vidogo. Kipimo kinachotumika kimataifa ni silinda yenye upana wa milimita 31.7: kipande chochote kinachotumbukia humo chote kinahesabiwa kuwa kidogo kiasi cha kumkaba mtoto wa chini ya miaka 3. Nyumbani, kiini cha karatasi ya chooni ni kikubwa kidogo kuliko hicho, kwa hiyo kinachopita humo kikae mbali na mtoto mchanga. Hapa lazima ufikirie nyumba nzima, kwa kuwa mwenye roboti anaweza kuwa na miaka 5, lakini anayetambaa sakafuni ni mdogo wake wa miezi 10. Kwa nyumba ya namna hiyo Rescue Bots za kawaida zina nafuu, kwa kuwa mwili wake ni vipande vikubwa vilivyoungana. Hata hivyo baadhi huja na vifaa vya kubandika, kama mpira wa maji au makucha ya kunyanyulia, na hivyo ndivyo vya kuhesabu kila jioni.

Roboti za kawaida za familia hizi hazihitaji betri. Zinazohitaji ni zile zenye taa na sauti, na hizo nawashauri wazazi wazichunguze kwa makini. Kifuniko cha betri lazima kifungwe kwa skrubu. Ikiwa ndani kuna betri ndogo za duara kama za saa, na kifuniko kinafunguka kwa ukucha, usikilete kitu hicho nyumbani, kwa sababu betri ya aina hiyo ikimezwa na kukwama kooni inaweza kuunguza nyama za mwili ndani ya saa 2. Hilo ni jambo la kukimbilia hospitali mara moja, bila kusubiri dalili.

Midoli bandia ya wahusika hawa ni mingi, na katika vichochoro vya Kariakoo utaikuta imechanganywa na halisi kwenye meza moja. Simlaumu mtu kwa kununua cha bei nafuu, lakini ajue anachonunua. Shika roboti na pitisha kidole kwenye mshono wa plastiki: halisi ni laini, na bandia mara nyingi huwa na ncha kali zilizoachwa na kalibu. Inuse, harufu nzito ya kemikali isiyoisha ni sababu ya kutosha ya kuirudisha mezani. Soma jina la mtengenezaji na anwani yake kwenye boksi, maana bandia nyingi hazina hata kimoja. Kisha igeuze palepale, ukiruhusiwa, kwa sababu bawaba ya bandia hulegea mapema, na roboti asiyeweza kusimama kwa miguu yake hana kazi tena.

Kwa kuwa Rescue Bots Academy ilifikia mwisho mwaka 2021, roboti nyingi za safu hiyo utakazokutana nazo ni za mitumba, na nyingine zimefika kwenye marobota pamoja na nguo. Mimi sina tatizo na hilo. Roboti yenye vipande vichache na isiyo na betri inazeeka vizuri, na Heatwave niliyemtaja alikuwa wa mtumba. Unapochagua, mshike juani na utazame plastiki iliyo kandokando ya bawaba: ikiwa imepauka na kuwa nyeupe kama mstari wa chaki, hapo imekwisha kuchoka na itakatika karibuni. Tikisa taratibu usikie kama kuna kipande kinachogongana ndani. Kwa yenye betri, fungua kifuniko na uangalie springi. Unga wa kijani au mweupe unaonyesha kwamba betri ilivuja. Ukiwa kidogo husafishwa kwa pamba yenye siki, lakini ukiwa umekula springi acha. Osha roboti isiyo na betri kwa maji ya vuguvugu na sabuni, tumia mswaki wa zamani kwenye viungo, kisha mwache akauke kabisa kivulini kabla ya kumpa mtoto.

Nitakavyonunua mimi

Kwa mtoto aliyetimiza miaka 3 tu, nitamnunulia Poli au Amber, na sitajali kwamba hawezi kumgeuza bado, kwa kuwa macho yale kwenye kioo yanatosha kumfanya mwenzi wa safari za sakafuni. Kwa miaka 4 na 5 chaguo langu ni Rescue Bots bila kusita, hata ikiwa ni ya mtumba na rangi imechubuka kidogo, na nitaanza na mmoja tu: Heatwave au Chase. Boulder nampendekeza kwa mtoto anayependa kuchimba mchanga, kwa kuwa tingatinga lina kazi ya kufanya uani hata lisipogeuka. Blades nimwache baadaye, maana panga za helikopta ndicho kipande ninachokihofia kuvunjika kwa mtoto anayeangusha vitu.

Kwa miaka 6 na 7 nitanunua Super Wings za ukubwa wa kati, na nitamshirikisha mtoto kuchagua nani amfuate Jett. Kama darasani kwao wameanza ramani, bandika ramani ya dunia ukutani kwa urefu wa macho yake, na kila Jett anapotua, mtoto aonyeshe ametua wapi. Mpwa wangu wa kike anaanza safari zote Dar es Salaam, na wiki iliyopita alimpeleka Jett Muscat kumpelekea shangazi yake kifurushi cha karafuu, akapita juu ya Bahari ya Hindi kwa mkono ulionyooka mpaka bega likamuuma.

Nyumba yenye watoto wawili wa umri tofauti, kama ile ya dada yangu, isilazimishe familia moja ya midoli kwa wote. Heatwave na Jett wamekaa kapu moja kwa mwaka sasa, mmoja anabeba wagonjwa na mwingine anawarusha, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini mwenzake ametoka kwenye katuni nyingine.